Vipimo vya Gari Lililolala

4 Februari

Mpwa wangu,

Nianze kwa kukuomba radhi. Barua yako ya mwisho ilinifikia kabla mwaka haujaisha. Niliisoma, nikaiweka chini ya daftari la mvua, na hapo ikakaa. Sina udhuru. Sikuwa mgonjwa, sikuwa safarini, na kalamu ilikuwa na wino. Mtu aliyewafokea vijana wa kituo cha hali ya hewa kwa miaka thelathini na minane kwa kuchelewesha taarifa dakika tano hana haki ya kukaa kimya miezi mitatu. Nisamehe.

Huku hatujambo. Mama yako anaendelea vizuri. Goti linamsumbua akipanda ngazi, akishuka halimsumbui. Yeye huliona jambo la kawaida, mimi huliona la kustaajabisha. Bado anashona mapazia ya watu na bado anaingia kwangu bila kubisha hodi, kwa kuwa nyumba zetu zimetenganishwa na ua tu. Msalimie mumeo, na umwambie binti yako kwamba habari za meno yake mawili ya mbele zimefika, na kwamba yataota mengine.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Gari langu halitaki kuwaka. Limekaa bandani tangu mwezi wa tatu mwaka jana, kwa sababu ambazo hazihusiani na umeme. Mara tatu sasa seremala wa jirani amelileta gari lake la mizigo, akaunganisha nyaya, langu likawaka. Nikaliacha lingurume robo saa, nikalizima. Baada ya siku tisa hivi nikigeuza ufunguo nasikia "tik", halafu kimya.

"Mzee Saa Tatu," seremala ananiambia, "hili gari umelifuga au umelizika?"

Mzaha wake haunikeri. Kinachonikeri ni kutojua. Milango imefungwa, ufunguo uko mfukoni mwangu, hakuna taa inayowaka, hakuna sauti. Umeme unakwenda wapi? Maji yakipungua ndani ya kipimamvua, najua ni jua limeyachukua. Huu umeme nani anauchukua?

Si udadisi mtupu. Leseni yangu inakwisha tarehe 30 Septemba. Kwa umri wangu haihuishwi kwa kulipia tu; mtu hupimwa upya, na huendesha gari lake mwenyewe akiwa na mkaguzi pembeni. Ikipita tarehe hiyo, aliyevuka miaka sabini huanza moja kama mwanafunzi. Unajua nyumba hii ilivyo mbali na barabara kuu. Nikilipoteza gari nitakuwa mtu wa kusubiri watu, na kazi hiyo sikufundishwa.

Mama yako anasema nikupigie simu. Sikio langu unalijua, na vipimo huandikwa, havisimuliwi.

Mjomba wako.


27 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua imefika na radhi umepata. Mimi nilidhani umenisusa kwa ile redio yako niliyoifungua kwa koleo nikiwa na miaka sita. Sisi wazima. Mtoto anapiga mluzi kwenye pengo, hanyamazi. Kazini bado ni mimi na wanaume kumi na wanne, mabasi arobaini na moja, na msimamizi anayeita kila kitu chenye waya "shetani". Nimekabidhiwa ufunguo wa stoo ya umeme, kwa hiyo sasa wananiamkia.

Swali lako limenifurahisha kwa sababu hapa tuna mabasi sita yaliyosimama tangu njia yao ifungwe, na mimi ndiye mlezi wao. Mjomba, gari halilali fofofo. Ukilifunga, saa inaendelea kutembea, kengele ya wizi iko macho, kile kidude kinachosubiri rimoti kinasubiri, na kompyuta inashika kumbukumbu zake. Kila kimoja kinamung'unya kidogo. Hakuna mwizi, ni wenye nyumba.

Ila wenye nyumba wakiwa na adabu, betri nzima hukaa mwezi na zaidi kabla ya kushindwa kuwasha. Siku tisa ni chache mno. Yupo anayekunywa kuliko wenzake.

Tumtafute. Seremala lazima ana mita ya umeme. Pimeni kwenye ncha mbili za betri, gari likiwa limezimwa. Ikisoma 12.6 imejaa. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikikaa chini ya 11.9 kwa muda mrefu, vibao vya ndani huota ukoko mweupe na betri hufa kweli, haifufuki.

Niandikie: betri ina umri gani, ncha zake ni safi au zina unga, taa ya buti huzimika ukifunga, kuna redio au kengele iliyofungwa na fundi wa mtaani, banda lina joto, unalikagua vipi na mara ngapi. Na la mwisho, samahani kwa kuuliza: kwa nini usilitoe tu kila Jumapili ulizungushe nusu saa? Lingejichaji lenyewe, na mimi na wewe tungeandikiana habari za meno.

Wako,
Koleo.


20 Machi

Mpwa wangu Koleo,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kuhusu ufunguo wa stoo. Usimpe mtu mwingine hata kwa dakika moja.

Mama yako amemaliza mapazia ya ukumbi mmoja, mita mia na kumi, na amenuna kwa sababu nilimwambia mstari wa pindo haujanyooka. Haujanyooka.

Majibu yako. Betri ina mwaka mmoja na miezi minane. Ncha zilikuwa na unga, nimezisugua zikang'aa. Taa ya buti huzimika; nilimfunga seremala ndani ya buti ili ahakikishe, akatoka amekasirika lakini amehakikisha. Hakuna kilichofungwa na fundi wa mtaani. Banda lina kivuli siku nzima.

Kuhusu ukaguzi, niko makini, na tangu gari lisimame sijaruka siku. Saa tatu kamili asubuhi na saa tisa kamili alasiri, kama kituoni. Ninalifungua kwa rimoti. Ninaufungua mlango wa dereva ili kuvuta kishikio cha boneti. Ninazitazama ncha. Kisha ninaketi kwenye kiti, mlango ukiwa wazi nipate hewa, ninageuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake nione kama zote zimo, ninauzima, ninaandika daftarini bila haraka. Robo saa, wakati mwingine dakika ishirini. Kisha ninafunga boneti, mlango, rimoti.

Vipimo ni vya asubuhi. Mita ni ya seremala na haimtoki mkononi, kwa hiyo yeye anasoma kwa sauti na mimi ninaandika. Baada ya kuchajiwa usiku kucha kwa chaja yake: siku ya kwanza 12.6. Ya tatu 12.5. Ya tano 12.4. Ya saba 12.2. Ya tisa 12.1, na stata ikaguna. Tumeichaji tena siku hiyohiyo.

Unaona jinsi inavyoteremka kwa mpangilio? Sijui ni nini, lakini chenye kuichukua kina nidhamu.

Mjomba wako.


11 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Hatujambo wote. Jino moja limechungulia. Barua yako niliisoma wakati wa chakula cha mchana, kwenye ngazi ya basi, na nilipofika pale kwenye "kama kituoni" nilicheka hadi msimamizi akaja kuuliza nani kapigwa shoti.

Mjomba, nimempata mnywaji. Ni wewe.

Ukibonyeza rimoti, gari huamka lote. Ukifungua mlango, huwasha taa za ndani na kompyuta zake zote, kwa sababu linaamini bwana mkubwa anasafiri. Ukigeuza ufunguo ndiyo linakamilisha: hadi pampu ya mafuta inaunguruma. Ukishafunga, halilali papo hapo, linasubiri kidogo kama utarudi. Ule ukaguzi wako mmoja unakula umeme kuliko gari linavyokula likilala siku nzima. Na wewe unakagua mara mbili! Unaliamsha asubuhi, linakwambia "twende", unaandika, unaliambia lilale. Likianza kupitiwa na usingizi, saa tisa hiyo, twende tena. Nani angestahimili?

Dawa ni mbili. Ya kwanza, spana namba kumi: legeza nati ya ncha hasi, toa waya, gari likate kabisa. Ya pili, ukikataa hiyo, acha boneti imeegemea kwenye kikamatio cha kwanza tu, uifungue bila kugusa rimoti wala mlango, upime, uondoke. Mara moja kwa siku. Ikiwezekana mara moja kwa wiki, ingawa najua ninayemwandikia.

Maswali yalikuwa saba, Mjomba. Umejibu sita.

Koleo.


9 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mpe mwenye jino pongezi zangu.

Nilipoisoma barua yako nilitoka nje nikasimama ukutani peke yangu kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Miaka thelathini na minane niliwafundisha vijana kwamba mpimaji asikikaribie kipimajoto kwa uso, kwa kuwa pumzi yake itakipandisha na atakuwa amejipima mwenyewe. Niliwahi kumrudisha kijana mmoja nyumbani kwa kosa hilo. Nami nimeliketia gari langu juu ya kifua mwaka mzima nikilishangaa kwa nini linachoka. Nilimsomea seremala ile sehemu ya "nani angestahimili". Alicheka akakaa juu ya ubao aliokuwa ameupaka gundi.

Spana namba kumi nimeikataa. Gari lisiloweza kuwaka mara moja si gari, ni kabati. Nimechukua njia ya pili, na matokeo yake ni makubwa: siku ya ishirini na mbili lilipiga stata moja tu, likawaka. Umelitibu kwa kalamu ukiwa huko.

Lakini limezuka jambo jipya, na ninakiri linaninyima raha. Nimenunua mita yangu mwenyewe ili nisimtegemee mtu. Tangu hapo vipimo ni hivi, siku kwa siku: 12.6, 12.8, 12.6, 12.8, 12.3, 12.5, 12.3, 12.6, 12.5, 12.8.

Hakuna aliyeichaji. Boneti nilipaka chaki kwenye ukingo ili nijue kama imeguswa; haikuguswa. Kwanza nilidhani ni joto, nikalinganisha na joto la banda siku kumi zote. Hakuna uhusiano. Kisha nikadhani ni unyevu. Hakuna. Mita ni mpya, ina dhamana. Betri inapanda yenyewe na kushuka yenyewe, kama bahari. Wewe umewahi kuona kitu hiki?

Swali la saba nimeliona.

Mjomba wako.


2 Juni

Shikamoo Mjomba,

Hatujambo, natumaini nanyi hamjambo.

Nimeviangalia vipimo. Betri inayopanda na kushuka hivyo imekufa ndani. Usinunue nyingine, kwa sababu gari likishakaa zaidi ya mwaka kila kitu hufuata: matairi, breki, mipira. Ushauri wangu kama fundi ni uliuze kama lilivyo mapema, kabla halijashuka thamani. Watu wa vipuri watakuja kulichukua hapohapo.

Msalimie mama.

Koleo.


19 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako hajambo. Amekuwa mkarimu sana mwezi huu. Ameniletea chai mara nne bila kuombwa.

Nimeisoma barua yako ya tarehe 2, na nitaijibu kwa utaratibu.

Uliniandikia mwezi wa pili kwamba betri hufa ikikaa chini ya 11.9 kwa muda mrefu. Yangu, tangu tuanze kupima, haijashuka chini ya 12.1. Betri iliyokufa haiwashi gari. Yangu imeliwasha leo asubuhi, bila nyaya za mtu, mbele ya seremala na wateja wake wawili. Matairi nilikwisha kuyainua juu ya magogo. Breki hukuniuliza, na fundi hahukumu asichokiuliza. Tena barua yako haina swali hata moja. Kila barua uliyowahi kuniandikia tangu ujifunze kuandika ina maswali kama upele.

Kwa hiyo barua hii ni ya mkono wako, lakini si ya kichwa chako. Nani amekuambia uiandike?

Sikukasirika kwa kuambiwa niuze. Mtu yeyote anaweza kunishauri niuze. Nimekasirika kwa sababu nilikupa vipimo, na wewe ukanirudishia kisichotokana navyo. Ningekuwa na mfanyakazi aliyefanya hivyo, nisingemfokea. Ningemwondolea daftari.

Ninasubiri barua ya pili.

Mjomba wako.


15 Julai

Shikamoo Mjomba,

Ile barua yako nimeibeba mfukoni wiki mbili. Nimeshindwa kuijibu kazini, nimeshindwa kuijibu nyumbani. Leo nimejifungia stoo ya umeme na ninaandika juu ya boksi la fyuzi.

Ni kweli. Nimekudanganya, na nimetumia ufundi wangu kukudanganya, hilo ndilo linaniuma zaidi. Niwie radhi, Mjomba.

Mama aliniandikia mwezi wa tano. Nakunukulia maneno yake, atanisamehe: "Mwambie limekufa. Mimi hanisikilizi, wewe ni fundi, atakuamini. Anajiandaa kwenda kwa mkaguzi na mimi silali. Ile nguzo ya geti haikugongwa na lori. Rangi ya gari la kaka yangu ninaijua, na ilibaki pale kwenye saruji hadi nilipoifuta mwenyewe kwa maji na brashi ili wapita njia wasiione."

Nilimpigia simu nikamwambia sitaki. Akasema, "Basi na akigonga mtoto wa watu, utampelekea volti?" Nikaandika.

Sasa kuhusu vipimo, maana hukustahili jibu lile. Betri haipandi yenyewe, Mjomba. Haijawahi kutokea, kwako wala kwa mabasi yangu. Ikitulia bila chaja hushuka au husimama palepale. Kwa hiyo siku ile nilipoona 12.3 halafu 12.6 nilijua kosa haliko kwenye betri. Nilichukua mita yetu, nikaziangalia tarakimu zake za vijistari. Tano na sita hutofautiana kijistari kimoja. Sita na nane, kimoja. Tatu na tano, hamisha kimoja tu. Mtu akitazama kwenye kivuli, ndani ya banda, zote ni ndugu.

Sikuulizi tena lile swali la saba. Nakuomba kitu kimoja. Kwa siku kumi, upime wewe uandike lako, halafu seremala apime papo hapo aandike lake kwenye karatasi yake, asikuone nawe usimwone. Nitumie safu mbili. Usinieleze chochote. Au usinitumie, nitaelewa.

Mtoto anasalimia. Amechora gari lenye macho kwenye taa za mbele, nimelificha.

Mpwa wako,
Koleo.


28 Agosti

Mpwa wangu Koleo,

Marahaba. Nimechelewa tena, na safari hii nilikuwa na sababu, ingawa si nzuri. Safu mbili zilikamilika tarehe 6. Nimekaa nazo siku ishirini na mbili.

Mama yako hajambo. Nitamfikia baadaye.

Safu yangu: 12.8, 12.6, 12.3, 12.8, 12.5, 12.3, 12.6, 12.3, 12.5, 12.8.

Safu ya seremala: 12.6, 12.6, 12.6, 12.6, 12.6, 12.5, 12.5, 12.5, 12.5, 12.5.

Ninakutumia zote mbili kama zilivyo. Yake ni mstari wa betri. Yangu si mstari wa kitu chochote. Seremala alipoziweka sambamba juu ya meza yake ya randa aliacha kutafuna, akasema, "Mzee, labda mita ilikuwa inanitania mimi." Ni mtu mwema. Nilimwambia aache uongo, tumeshakuwa na wa kutosha.

Sasa swali la saba. Mwaka jana, tarehe 14 Machi, saa kumi na moja jioni, nilikuwa ninarudi kinyumenyume kuingia getini. Niliona kivuli upande wa kushoto. Nilikuwa nimekiona kivuli hicho kwa miaka ishirini. Nikakiparamia, na kilikuwa ni nguzo. Nilishuka, nikaipapasa kwa kiganja ili niamini. Mama yako alitoka na sindano mdomoni akauliza kuna nini. Nikasema lori lilipita likaigonga. Sijui lori lilitoka wapi. Lilinijia mdomoni tu. Nikaingiza gari bandani, na sijalitoa tangu siku hiyo. Nilikuwa ninalikagua mara mbili kwa siku ili nisilazimike kuliendesha. Hilo sikulijua hadi uliponiandikia.

Nilimwambia mama yako wiki iliyopita. Alikuwa anapiga pasi. Hakuinua hata kichwa. "Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe," akasema. "Mwaka na nusu, kaka. Pasi ngapi hizo?" Kisha akalia kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula. Ndivyo tulivyomaliza.

Nilikwenda kwa daktari wa macho kwa basi. Nimekalia viti vya nyuma ambako vijana wanaimba. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kushoto zaidi. Daktari ni mwanamke wa umri wako, mkali, nimempenda. Anasema hupasuliwa moja kwanza, kisha lingine baada ya wiki kadhaa, na kwa muda huo nisiendeshe hata toroli. Nafasi ya kwanza aliyo nayo ni katikati ya Septemba, na anataka jibu kabla ya tarehe 5. Nilimuuliza kama nitaona vizuri kuliko sasa. Akasema, "Kwa kawaida, ndiyo. Lakini mimi sitoi ahadi, mzee, natoa tarehe." Ukihesabu, utaona kwamba nikipasuliwa, leseni itakufa nikiwa na bandeji. Nitaanza moja, nina miaka sabini na miwili, nikiwa na kibao cha mwanafunzi mgongoni mwa gari na mwalimu aliyezaliwa nikiwa nimekwisha kupata nywele nyeupe. Na huenda nikashindwa.

Iko njia nyingine. Hii sijamwambia mama yako, wala daktari, wala seremala.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya leseni kuuliza utaratibu. Kabla ya kupewa tarehe ya mkaguzi, mtu hupimwa macho na karani, papo hapo, kwa kusoma herufi za chati iliyo ukutani. Nimehuishia leseni yangu katika chumba kile mara tano. Chati ni ileile. Imepauka pembeni, lakini ni ileile. Mara ya pili au ya tatu, nikiwa ninasubiri kwenye benchi sina la kufanya, niliwahi kuihifadhi kutoka juu hadi chini, kama nilivyowahi kuhifadhi majina ya mawingu.

Karani alisema, "Simama kwenye mstari, mzee, ufunike jicho la kushoto." Nikafunika. Baada ya safu ya tatu sikuona kitu, ukungu tu. Nikaendelea kusoma. Nilisoma safu ya nne, ya tano, ya sita, ya saba. Nilifunika la kulia nikasoma tena, na hapo sikuwa ninaiona hata safu ya pili. Sikukosea herufi.

Karani alisimama. "Mzee, hongera!" akasema. "Vijana wanakuja hapa hawafiki safu ya tano. Macho haya ulikuwa unayaweka wapi?"

Nilimshukuru. Nilimpa mkono.

Akaandika kwenye fomu kipimo cha macho yangu, kwa tarakimu, akakipiga mhuri. Maishani mwangu nimeandika vipimo vya mvua na joto na upepo visivyohesabika, na siku ambayo mawingu yaliifunika alama ya mlima tuliyopimia umbali wa kuona niliandika "haikuonekana", hata bosi alipotaka niandike vingine. Hiki cha Jumatatu sikukiandika mimi. Nilisimama tu nikakitazama kikiandikwa.

Fomu iko hapa mezani, chini ya mkono ninaoandikia. Imejazwa kila kitu. Imebaki sehemu moja, ya mwombaji kutia saini kwamba yaliyomo ni kweli. Nikiitia saini na kuipeleka kabla ya mwisho wa Septemba, mkaguzi atakaa pembeni yangu kwa dakika ishirini, barabara ninaijua kwa kichwa, mchana kweupe, na inawezekana nikapita. Nikipita, nitakuwa na leseni miaka mitatu.

Usinijibu kwa kunishauri. Najua utakachosema, na najua kwamba utakuwa sahihi, na si hilo ninalolihitaji. Nilitaka tu awepo mtu mmoja mwenye safu zote.

Daktari anasubiri hadi tarehe 5. Karani anasubiri hadi 30. Mimi bado sijaamua. Siku nitakayoamua nitaketi nikuandikie siku hiyohiyo, kabla sijamwambia mtu mwingine, na barua haitachelewa.

Mjomba wako.